Nataka kufundisha watoto wa chini ya miaka mitatu hapa Nairobi: nianzie wapi?

binti_wa_umoja

Hamjambo wadau. Nilipata C kwenye KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, nikaingia kazi ya duka huku mtaani, na sasa nataka kubadilisha njia. Ninachotaka ni kufundisha watoto wadogo kabisa, wale wa miezi sita hadi miaka mitatu. Wa PP1, yaani chekechea, siwakatai, lakini si hao wanaonivuta.

Kila ninayemuuliza ananijibu "soma ECDE", ile kozi ya elimu ya watoto wadogo, halafu anaondoka. Chuo kimoja cha mjini kinanihimiza nilipe karo haraka kwa sababu nafasi zinaisha. Mama naye anasema nitalipa karo ya kusomea kubadilisha nepi, kazi aliyonifunza bure kwa mdogo wangu. Naombeni mnieleze kinaganaga: kozi ipi, vibali gani, mshahara, na kama mtu anaweza kuishi na kazi hii.

MamaKituo

Karibu dadangu. Mimi nina kituo cha kulelea watoto mtaa wa Pipeline, nimekaa na watoto wa umri huo muda mrefu wa kutosha kukwambia ukweli.

Kabla hujatoa shilingi, rudi kwa hicho chuo uwaulize: mazoezi ya kufundisha nitayafanyia wapi, na kwa watoto wa umri gani? Ukijibiwa PP1 na PP2 peke yake, ujue unasomea kazi nyingine. Mfumo wetu wa elimu wa 2-6-3-3-3 unaanza kumhesabu mtoto akiwa na miaka minne. Ile miaka miwili ya mwanzo ni PP1 na PP2, ndiyo iliyoingia kwenye mtaala mpya nchi nzima mwaka 2019, na kozi nyingi za ECDE zimejengwa juu yake. Utafundishwa kuandaa somo la dakika thelathini, kona za kujifunzia, kutathmini mtoto kwa rubriki, yaani jedwali la vigezo. Ni mambo mazuri. Lakini mtoto wa miezi minane hana somo la dakika thelathini.

Somo lake ni ile nepi anayoisema mama yako, na hapa naomba tumheshimu mama lakini tumpinge. Mtoto wa deikea hubadilishwa nepi mara kadhaa kwa siku, tena na mtu mmoja anayemtazama usoni. Ukimnyanyua kama gunia huku unaongea na mwenzako, umefundisha kitu: kwamba mwili wake hushughulikiwa bila yeye. Ukimwambia "sasa nakufuta, maji ni baridi kidogo, niinulie mguu," ukangoja, baada ya wiki chache anaanza kuinua mguu mwenyewe. Hapo amefuata maelezo, amejua kiungo chake, ameshiriki zamu ya mazungumzo kabla hajajua kusema. Kuna daktari wa watoto wa Hungaria, Emmi Pikler, aliyesimamia makao ya watoto mjini Budapest kuanzia 1946, na kazi yake yote imejengwa juu ya nyakati hizi za kulisha, kuogesha na kuvisha. Sikumsoma chuoni. Nilimkuta baadaye kwenye semina na nikashangaa kwamba hiyo ndiyo kazi yetu, imeandikwa na mtu wa mbali.

Kwa hivyo soma ECDE, siwezi kukuambia usisome, kwa sababu bila karatasi hakuna anayekusikiliza mji huu. Kwa C yako diploma iko wazi kwako. Wenye alama za chini ya hapo ndio wanaoanzia cheti. Lakini usidhani karatasi hiyo imekufanya mwalimu wa watoto wachanga. Huko utafika kwa kukaa nao chini ya mtu anayejua.

mdau_wa_ngara

Wasee tusimdanganye binti ya watu. Doo je? Hayo mengine ni mashairi. Dadangu alifanya kazi deikea moja mtaa wa matajiri, wazazi wanashusha watoto kwa magari makubwa, na mshahara wake ulikuwa hauwezi kulipa nyumba ya chumba kimoja Kawangware. Sasa huko Pipeline itakuwaje?

MamaKituo

Mdau, swali lako ni la haki. Wacha nipige hesabu hadharani.

Uingereza sheria inasema mtu mzima mmoja asizidishe watoto watatu walio chini ya miaka miwili. Marekani chama cha walimu wa watoto wadogo, NAEYC, kinapendekeza wanne kwa mmoja kwa wachanga. Tuchukue wanne. Huku kwetu mzazi analipa mia moja, mia moja na hamsini kwa siku, tena jioni anapomchukua mtoto, na siku ambayo kibarua hakikupatikana mtoto habebwi kuja. Wanne kwa 150 ni 600. Zidisha kwa siku 26 za mwezi, ni 15,600. Hiyo ni kabla ya kodi ya nyumba, maji ya mitungi, uji, sabuni, makaa. Kinachobaki ndio mshahara wa mwalimu.

Ndiyo maana unaingia kituo unakuta watoto kumi na tano na mama mmoja. Hakuwapanga hivyo kwa ukatili. Mzazi wa chini hana cha kuongeza, mwenye kituo hana pa kukopa, na serikali haijaweka chochote. Shule za chekechea za umma walimu wanalipwa na kaunti, na tangu 2023 watoto wale wanapata chakula cha mchana kwa shilingi tano kwenye Dishi na County, mpango wa kaunti ya Nairobi. Mtoto wa kituoni kwangu wa mwaka mmoja na nusu hayumo kwenye mpango wowote kati ya hiyo.

Kwa mitaa ya juu, Kilimani, Lavington, Karen, ada ni mara nyingi ya hizo, na bado mshahara wa mwalimu unaweza kuwa mdogo, hapo namkubali dada ya Mdau. Tofauti ni kwamba pale una nafasi ya kuuliza. Kwenye usaili uliza uwiano wao ni upi, nani anakushikia watoto ukienda msalani, na kama Desemba wakifunga unalipwa. Majibu ya maswali hayo matatu yatakuonyesha pesa inaenda wapi.

binti_wa_umoja

Asante Mama. Hesabu imenishtua kidogo lakini afadhali nijue sasa. Je, vibali? Kuna aliyeniambia lazima TSC, ile tume ya walimu, mwingine akasema TSC haihusiki.

ticha_mwanamume

Hapo nijibu mimi maana nimepita kote.

Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, iliweka elimu ya chekechea na vituo vya kulelea watoto chini ya kaunti. Kwa hivyo mwajiri wa mwalimu wa PP1 na PP2 katika shule ya umma ni kaunti, na nafasi hutangazwa na bodi ya utumishi ya kaunti, hata kama usajili wako wa ualimu uko TSC. Ndio maana watu wanakuchanganya: kusajiliwa ni kwingine, kuajiriwa ni kwingine. Kwa watoto wa chini ya hapo, waajiri ni watu binafsi, makanisa, mashirika, na kampuni chache zenye vyumba vya watoto. Nairobi ina sheria yake ya vituo vya kulelea watoto ya mwaka 2017, kituo kinatakiwa kuwa na leseni ya kaunti. Ukienda kutafuta kazi, angalia kama imetundikwa ukutani. Isipokuwepo, uliza kwa upole.

Kwako binafsi: cheti cha tabia njema kutoka DCI, idara ya upelelezi, unaomba kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, shilingi 1,050. Cheti cha afya, kwa sababu utashika chakula. Na mafunzo ya huduma ya kwanza, St John Ambulance au Msalaba Mwekundu, uhakikishe yanagusa watoto wachanga maana mbinu inayotumika kwa mtu mzima ni nyingine.

Sasa la kwangu, kwa vijana wa kiume wanaosoma uzi huu kimyakimya. Nafundisha watoto wa miaka miwili. Mzazi akifika asubuhi akanikuta mlangoni anauliza "mwalimu yuko wapi?" Nimezoea. Kuna shule ilinikataa baada ya usaili, wakasema wazazi hawatakubali mwanamume. Sikukasirika sana, hofu ya mzazi ina sababu zake katika nchi hii. Nilichofanya ni kujiwekea taratibu ambazo naona kila mtu angepaswa kuwa nazo, mke kwa mume: nepi inabadilishwa mahali panapoonekana, mlango haufungwi, sikai peke yangu na mtoto mmoja chumbani. Zinamlinda mtoto na zinanilinda mimi. Kwenye kituo nilichopo sasa, taratibu zangu ndizo za wote.

nesi_wa_kliniki

Wanangu, mimi nimefanya kazi kliniki ya watoto huku Eastlands. Nitasema mambo ambayo vyuo huyapitia mbiombio.

Mtoto mchanga alazwe chali. Si kifudifudi, si ubavu. Hakuna mto, hakuna blanketi zito usoni. Najua baridi ya Julai ya Nairobi, najua kila mama anakuja amemfunga mtoto mara tatu na kofia juu. Mvue tabaka moja akishaingia ndani. Na jiko la makaa lisiwe kamwe katika chumba wanacholala watoto na madirisha yamefungwa. Ile hewa haina harufu, haina rangi, na inaua.

La pili, chakula. Njugu, bisi, zabibu nzima, soseji iliyokatwa vipande vya duara, pipi. Vyote hivi vinaziba koo la mtoto wa mwaka mmoja kama kizibo. Soseji na zabibu kata kwa urefu. Mtoto wa chini ya mwaka akipaliwa na hawezi kulia wala kukohoa, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako kichwa kikiwa chini, mpige mapigo matano katikati ya mabega, ukimgeuza mbonyeze kifua mara tano, urudie huku mwenzako anatafuta msaada. Hili halisomwi tu kwenye uzi, nendeni mkafanye kwa mwanasesere mbele ya mkufunzi.

La tatu, na hili linaniuma. Kuna vituo wanawapa watoto dawa ya mafua ili walale. Ukiajiriwa mahali ukakuta chupa hiyo na hakuna mtoto mgonjwa, ondoka na useme.

Mwisho, ombeni kijitabu cha kliniki siku mtoto anapoandikishwa. Chanjo za wiki ya 6, 10 na 14 mama wengi wanakumbuka. Ya surua na rubela ya miezi tisa pia. Ile ya miezi 18 inasahauliwa sana, kwa sababu wakati huo mama amesharudi kazini na mtoto anashinda kwenu. Nyinyi ndio mnaomwona kila siku. Mkumbusheni.

babake_mapacha

Kama mzazi niongeze moja. Mke wangu alirudi kazini miezi mitatu ilipoisha, ile likizo ya sheria ya 2007. Tukazunguka vituo Donholm na South B. Vyote walituonyesha kuta: herufi, namba, wanyama waliochorwa, runinga kubwa. Wanatuambia watoto hapa wanaongea Kiingereza tu. Watoto wangu walikuwa na miezi mitatu! Tulichagua kituo ambacho hakikuwa na picha nyingi, lakini mwalimu alipomshika wa kwanza aliniuliza analala vipi, anapenda kubebwa bega gani, nyumbani mnaongea lugha gani. Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo.

MamaKituo

Babake, umegusa kidonda. Hili la lugha ndilo linalonigombanisha na wazazi kuliko ada.

Mzazi anataka Kizungu kwa sababu anaogopa usaili wa shule atakayompeleka baadaye. Namwelewa. Lakini mwalimu ninayeweza kumpata kwa pesa zile ana Kiingereza cha maneno machache. Nikimlazimisha aongee hicho tu, ataongea kidogo: "sit down", "no", "eat". Mtoto wa mwaka mmoja anakua kwa maneno mengi yanayomhusu yeye, na kwa kujibiwa anapotoa sauti. Mwalimu huyo huyo akiachiwa Kiswahili, au Kikamba kwa mtoto wa Kikamba, anasimulia siku nzima: anayepita dirishani, uji ulivyo moto, kiatu kilichopotea. Mtoto akitoa "ba!" anajibiwa "ndiyo, basi limepita." Huyo ndiye atakayejifunza Kiingereza upesi akifika PP1, kwa sababu ana lugha ya kusimamia. Runinga haimjibu. Nimeiondoa, na wazazi wawili watatu wakaondoka nayo.

ughaibuni_mn

Salamu kutoka Minnesota. Niliondoka Nairobi na diploma ya ECDE, hapa nafanya kazi chumba cha wachanga. Nitaje kinachotumika huku, si kwa sababu binti akitafute bali kwa sababu kinasaidia kuona pengo analosema Mama.

Kuna cheti kinaitwa CDA, kinatolewa na Council for Professional Recognition ya Washington. Unachagua umri unaotaka: wachanga na wanaoanza kutembea ni njia yake, chekechea ni njia nyingine. Saa 120 za masomo, saa 480 za kazi na watoto wa umri huo huo, unakusanya jalada la kazi zako, mtaalamu anakuja kukutazama ukiwa darasani, halafu unafanya mtihani. Kila miaka mitatu unakihuisha. Sikatai kwamba mishahara huku pia ni lalamiko la kila siku, wanaofundisha wachanga mara nyingi wanalipwa chini ya wanaofundisha wa miaka minne, na kodi ya nyumba ni balaa. Lakini mtu hawezi kusema amebobea kwa watoto wa mwaka mmoja ilhali amefanyia mazoezi kwa wa miaka mitano. Huko kwetu hilo linawezekana hadi leo.

mdau_wa_ngara

Sawa, nimesikia. Bado nauliza: akae miaka chuoni atoke aajiriwe na Mama kwa elfu ngapi? Si afadhali awe yaya wa familia ya kigeni huko Runda, mtaa wa matajiri?

ticha_mwanamume

Mdau, hiyo nayo ni njia, usiicheke. Yaya mwenye mafunzo kwenye nyumba ya namna hiyo anaweza kulipwa kunishinda. Ila hana mwenzake wa kumtazama akikosea wala wa kumshikia mtoto akichoka, na mkataba ukiisha familia ikahama, anaanza upya.

Njia nyingine ninazoziona kwa macho: shirika la Kidogo, wale walioanzia vituo vya mitaani humu Nairobi, wanawafunza akina mama wenye vituo vyao na kuwafuatilia, kwa hivyo huhitaji watu wa kufunza na wa kuzunguka. Kuna shule za Montessori, zile zinazomwacha mtoto ajifunze kwa kushika vitu mwenyewe, na mafunzo yake yana ngazi ya watoto wa miaka sifuri hadi mitatu inayosimama peke yake, ghali, lakini uliza wanaofundisha hapa ni ngazi ipi kabla ya kulipa maana wengi wana ya miaka mitatu hadi sita tu. Na baadaye kuna shahada, Kenyatta wana ya elimu ya watoto wadogo. Watu niliosoma nao waliopanda mshahara ni wale waliotoka kufundisha watoto wakaanza kufundisha walimu. Inasikitisha lakini ndivyo ilivyo.

binti_wa_umoja

Nimepiga simu chuo. Nilipouliza mazoezi ni kwa watoto wa umri gani, yule dada alinyamaza, akaniambia atanipigia. Hajapiga. Nimepata kingine cha diploma ambacho mafunzo yake ni wakati wa likizo za shule, Aprili, Agosti na Desemba, kwa hivyo katikati naweza kufanya kazi. Nafikiri hicho ndicho. Shida ni huko katikati, nani atanichukua bila uzoefu?

MamaKituo

Mtindo huo wa likizo ndio tuliosomea wengi, tangu enzi za DICECE, vile vituo vya wilaya vya kufunza walimu wa chekechea, miaka ya themanini. Ni mzuri kwa sababu unachofundishwa Agosti unakijaribu Septemba.

Njoo kwangu. Sitakulipa mwezi wa kwanza zaidi ya nauli na chakula, nakwambia mapema usije ukasema nilikuficha. Wiki ya kwanza hutashika mtoto yeyote. Utakaa kwenye mkeka, utachagua watoto wawili, na utaandika: amelia saa ngapi, nani alimwendea, alinyamazishwa na nini, alishika kitu gani kwa muda mrefu. Watakuja wenyewe kukupanda mapajani, usiwavute. Wiki ya pili utakuwa na mtoto mmoja kwenye uji. Nitakuonyesha kungoja mdomo ufunguke badala ya kuusukumia kijiko. Uvumilivu huo ndio watu wengi unawashinda, si nepi.

Tunafungua saa kumi na mbili kasoro asubuhi, kwa sababu wazazi wanaofanya kazi viwandani, Industrial Area, wanatembea kwa miguu kwenda kazini. Ukishindwa kuamka hapo, tuagane mapema.

nesi_wa_kliniki

Na chanjo zako wewe? Usije ukawapelekea watoto homa ya ini. Pita kliniki.

binti_wa_umoja

Nakuja Jumatatu, Mama. Nibebe nini?

MamaKituo

Cheti cha afya. Viatu vya kuvua haraka, mkekani hatuingii na viatu. Kucha zikatwe, hereni za kuning'inia na wigi refu viache nyumbani, vitavutwa. Nguo ya kubadilisha, hata mbili. Na kalamu. Daftari nitakupa.

mdau_wa_ngara

Na mama yako umemwambia?

binti_wa_umoja

Nimemwambia. Ameuliza kama hiyo nauli ni ya kwenda na kurudi.